Mambo Madogo Tuliyojifunza Katika Nchi ya Shaba

Wazee wetu walisema: Tembea uone. Hawakusema: Kimbia uone. Msafiri apitaye upesi huona milima, mito na majumba makubwa, kisha hurudi kwao akidhani ameijua nchi. Bali mambo madogo, yaani namna watu wanavyohesabu siku, wanavyopika na wanavyoitana njiani, hayo humfunukia yule akaaye, anunuaye unga sokoni na kuugua homa pamoja na majirani.

Sisi tumekaa Kolwezi, mji mkuu wa mkoa wa Lualaba katika Kongo, miaka mitatu sasa. Kazi yetu ni kufundisha Kiingereza. Kwetu ni Unyamwezi, si mbali na Tabora. Wasomaji wengi wa gazeti hili wameisikia Kolwezi kwa sababu ya malori yabebayo shaba na kobalti kupitia Kasumbalesa na Zambia mpaka bandari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 2,000. Pengine wana ndugu au jirani aliye dereva wa lori hizo. Lakini dereva hana nafasi ya kusimulia. Akifika nyumbani hulala. Basi tutasimulia badala yake, na tutaanza na yaliyo madogo.

BARIDI, NA MAJI YAENDAYO NJIA MBILI

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba yafaa kuja na blanketi. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki wakisikia jina la Kongo huwaza msitu mkubwa, giza na joto. Msitu huo upo, lakini uko kaskazini, mbali sana. Kolwezi iko juu, zaidi ya meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na nchi yake ni ya miombo, kama pori letu la Unyamwezi. Msimu wa mvua ni mmoja tu, tangu Oktoba au Novemba mpaka Aprili. Halafu huja kiangazi, na katika miezi ya Juni na Julai usiku huwa baridi kweli kweli. Asubuhi watoto hufika shuleni wamevaa masweta mawili, na mikono yao haitoki mifukoni mpaka jua limepanda.

Jambo la pili tulilipata katika ramani ya darasani. Kusini mwa mji, mpaka wa Kongo na Zambia hufuata mgongo wa nchi. Tone la mvua likianguka upande wa kaskazini wa mgongo huo, huelekea mto Lualaba, ambao ndio mwanzo wa Mto Kongo, nalo huishia katika bahari ya Atlantiki. Likianguka hatua chache upande wa kusini, huelekea Zambezi, nalo huishia katika Bahari ya Hindi, pwani ya Msumbiji. Matone mawili ya wingu moja, na kila moja lina bahari yake! Tulipowaeleza wanafunzi jambo hili walinyamaza kidogo, ndipo mmoja akauliza kama mtu aweza kusimama hapo na kumwaga kikombe cha maji kwa bahari zote mbili. Tukajibu kwamba aweza kujaribu, asubiri tu miezi kadhaa apate habari.

Mto huu uliwahangaisha wakubwa. Dokta Livingstone alipokaa Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871, alidhani kwamba labda ndio mwanzo wa Nile. Stanley aliufuata tangu mwaka 1876, pamoja na wapagazi waliotoka Unguja na pwani, akatokea Boma karibu na Atlantiki mwaka 1877. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja. Siku hizi, karibu na Kolwezi, mto huo umezuiwa kwa mabwawa ya Nzilo na N'Seke, yaliyojengwa katika miaka ya 1950 ili kuipa migodi umeme. Waya nene hupita juu ya nyumba za watu, na chini yake akina mama wengi hupika kwa makaa.

KISWAHILI CHAO NA KISWAHILI CHETU

Mtu wa Tabora afikapo Kolwezi hufurahi kusikia Kiswahili kila mahali. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Lakini baada ya nusu saa furaha yake huingiwa na mashaka. Hapa mtu ni "mutu," na watu ni "batu." Kitu ni "kintu," na vitu ni "bintu." Unga ni "bunga," moja ni "moya," nne ni "ine," na asante ni "aksanti." Hawasemi "nyumbani," bali "ku nyumba" au "mu nyumba." Mtu atakaye kujua sababu haulizi "kwa nini?" bali "juu ya nini?" Neno "masomo" ni shule yenyewe: mtoto huenda "ku masomo." Tena ukimsikia bwana akisema kwamba bibi yake ni "mugonjwa," usimpe pole ya ajuza. Anasema juu ya mke wake, ambaye pengine hajafika miaka thelathini.

Katika kuitana pia tulijifunza adabu mpya. Kila mwanamke ni "mama," hata binti mdogo auzaye nyanya, na mwanamume mtu mzima ni "papa." Kwetu yaya ni mtumishi aangaliaye watoto. Huku "yaya" ni kaka yako mkubwa au dada yako mkubwa, na kumwita hivyo ni kumheshimu. Kwa hiyo mgeni akisikia kijana akimwita fundi wa magari, mwenye ndevu na mafuta mikononi, "yaya," asicheke.

Lililotupendeza kuliko yote ni siku za juma. Ni watu wangapi kwetu waliowahi kujiuliza kwa nini Jumatatu ina tatu ndani yake, hali ni siku ya kwanza ya kazi? Sababu ni kwamba watu wa pwani walianza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu. Basi Jumamosi ikawa ya kwanza, na Jumatatu ya tatu. Huku wazee huita Jumatatu "siku ya kwanza," Jumanne "siku ya pili," na hivyo mpaka ya tano. Jumapili ni "siku ya Mungu." Na Jumamosi je? Jumamosi ni "siku ya posho," kwa sababu siku hiyo wafanyakazi walipokea posho yao.

Neno hilo moja limebeba habari nyingi za nchi. Kolwezi si mji wa zamani. Ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga, ambayo yenyewe iliundwa mwaka 1906. Kampuni ilitafuta watu wa kazi mbali: katika Kasai, katika Rwanda na Burundi, na katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kampuni ilimpa mtu nyumba, unga, hospitali na shule ya watoto. Hata watu wakasema kwamba kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Mwaka 1967 serikali iliichukua mali hiyo, na baadaye kampuni ya taifa ikaitwa Gécamines. Miaka ya 1990 uchimbaji wake ulianguka, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoka kazini. Posho imekwisha zamani. Jina la siku limebaki.

Kiswahili chenyewe kilikuja kwa njia mbili. Kwanza kililetwa na misafara ya biashara ya karne ya 19. Halafu kikakua katika kambi za migodi, ambako watu wa makabila mengi waliishi nyumba kwa nyumba wakahitaji lugha moja ya kuagizana kazi, kuoana na kuzikana. Mwalimu atokaye Mashariki na kukiita Kiswahili hicho kibovu hajui anachocheka. Siku moja darasani tuliandika neno "watu" ubaoni. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akauliza kwa heshima: "Mwalimu, batu ba kwenu banasemaka vile?" Tukajibu kwamba ndivyo wasemavyo. Akafikiri kidogo, kisha akatufariji: "Haiko mubaya. Tunasikia."

Tena lugha hiyo imebeba mambo mazito. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, ajulikanaye kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichotoka mwaka 1945, alikuwa Kolwezi katika miaka ya 1950. Hapo, pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao, alianzisha umoja ulioitwa Jamaa. Maneno makubwa ya mafundisho yao yalikuwa ya Kiswahili hiki hiki: uzima, uzazi, mapendo. Kwetu neno "jamaa" laweza kutumika hata kwa mtu tusiyemjua jina: "Yule jamaa kapita." Huku watu wa ndoa walilitwaa neno lile wakalipa uzito wa nyumba nzima.

NJIANI, SOKONI NA JIKONI

Katika Kongo magari hupita upande wa kulia, si wa kushoto kama kwetu. Hilo laweza kujifunzwa kwa siku mbili. La ajabu ni kwamba magari mengi yametoka katika nchi za upande wetu, au yamepita huko, na usukani wake uko kulia. Basi dereva hukaa ukingoni mwa barabara, wala haoni mbele akitaka kulipita lori. Abiria aliye kushoto ndiye humtazamia njia na kumwambia, "Pita," au, "Bado." Hatujaona mahali pengine ambapo abiria asiyelala ana faida kubwa hivi.

Saa ya Kolwezi iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja, na Kinshasa iko nyuma ya Kolwezi kwa saa moja tena. Nchi moja, saa mbili! Mara nyingi saa hutajwa kwa Kifaransa: ukiambiwa mkutano ni "quatorze heures," maana yake ni saa nane mchana kwa hesabu yetu.

Fedha nayo ina desturi zake. Faranga ya Kongo imetumika tangu mwaka 1998, lakini vitu vikubwa hutajwa bei kwa dola za Marekani, na chenji hurudishwa kwa faranga. Faranga iliyochakaa kama jani kavu la mgomba hupokewa bila neno. Dola iliyochanika pembeni, hata kwa upana wa punje ya mtama, haina mwenyewe. Mwuza duka huiinua juani, huigeuza, na kukurudishia kwa huruma. Mgeni ajaye na azitunze noti zake ndani ya kitabu.

Sasa twende jikoni. Ugali huitwa "bukari." Aghalabu unga wa mahindi huchanganywa na unga wa muhogo, na bukari yake huvutika kidogo na kushibisha upesi. Mahindi mengi na unga mwingi hutoka Zambia. Kwa hiyo mpaka ukifungwa, au Zambia ikizuia mahindi yasitoke, mama wa nyumba huku hujua kabla ya redio. Majani ya muhogo, yaani kisamvu, huitwa "sombe." Mchicha ni "lengalenga." Makaa ni "makala," na jiko lake ni "mbabula." Katika vinywaji iko munkoyo, iliyopikwa kwa unga wa mahindi na mizizi ya mti wa porini iletayo utamu wake, Wazambia nao huipenda sana.

Lakini chakula kilichotushangaza ni kikanda. Akina mama huchimba viazi vidogo vya maua fulani ya porini, huvikausha na kuvisaga, kisha huvipika pamoja na karanga na pilipili mpaka vishikane vikawa kama mkate mzito wa rangi ya kahawia. Hukatwa vipande na kuuzwa sokoni. Mgeni huapa kwamba ni nyama. Si nyama. Watoto wetu sasa hukiomba kuliko biskuti.

Wakati wa mvua huja uyoga, na hasa ule uotao katika vichuguu vya mchwa. Katika miombo ya Zambia na Katanga uko uyoga mmoja, mkubwa kupita aina zote za kuliwa zinazojulikana ulimwenguni. Kofia yake yaweza kufika karibu meta moja. Mmoja watosha nyumba nzima. Na vichuguu vyenyewe si vidogo: vingine vimepita paa la nyumba. Udongo wake ni mzuri kwa matofali. Basi ukiona nyumba mpya ya matofali mekundu, tafuta karibu nayo kichuguu kilichokatwa nusu.

NDUGU WA TABORA

Jambo lifuatalo halikuwa dogo kwetu. Katika mkoa huu huu wa Lualaba uko mji wa Bunkeya, makao ya Bayeke. Mwanzilishi wa utawala wao, M'siri, alikuwa mtu wa kwetu, wa upande wa Wasumbwa na Wanyamwezi. Alifika Katanga karibu na mwaka 1856, kijana wa biashara ya shaba na pembe, akaoa, akafanya urafiki na watemi, akachukua nchi. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa Bunkeya kwa risasi na Kapteni Bodson, mmoja wa wakubwa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliyetaka Katanga iwe chini yake. Wapagazi wengi wa msafara huo walikuwa watu wa Unguja na pwani. Ndivyo ilivyokuwa: aliyejenga alitoka kwetu, na waliombebea mizigo mwuaji wake walitoka kwetu pia.

Mtu akisikia habari hizo nje ya kwao hupenda kujivuna. Lakini yafaa asikilize pande zote. Bayeke hulitunza jina la M'siri kwa heshima, na Mwami wao yupo hata leo. Basanga, waliokuwa wenyeji kabla yake, hukumbuka kodi, vita na watu waliouzwa utumwani, na jinsi walivyoasi mwaka ule wa 1891. Wote wawili husema kweli. Nasi tumejifunza kusema "kwetu ni Tabora" kwa sauti ya kadiri.

Wazee wetu wa Tabora na Nairobi walimjua Myeke mwingine bila kujua kwao: mpiga gita Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, mwaka 1952, na sahani zake zikachezwa Afrika ya Mashariki yote. Aliimba kwa Kiswahili cha hapa.

MAUA YAPENDAYO SHABA

Mkoa huu, pamoja na majirani zake watatu, ulikuwa mkoa mmoja wa Katanga mpaka mwaka 2015. Na tangu mwaka 1971 mpaka 1997 mkoa huo uliitwa Shaba. Labda ndio mkoa pekee mkubwa uliopewa jina la Kiswahili la kitu kilichofukiwa chini yake!

Lakini watu walijuaje kwamba shaba iko wapi, kabla ya mashine? Tulionyeshwa na mwalimu mwenzetu. Ukipita katika miombo, ghafula hufika kilima kisicho na miti, chenye nyasi fupi tu. Mti wa kawaida hauwezi kuishi hapo, kwa maana udongo una shaba nyingi, na shaba nyingi ni sumu kwa mizizi. Hata hivyo iko mimea michache iliyozoea. Mmoja wao ni mdogo, wenye maua ya buluu iliyoelekea zambarau, nao wataalamu huuita Haumaniastrum. Watafutaji wa madini waliyafuata maua hayo. Na kabla yao, wazee wa nchi waliujua upara wa vilima hivyo.

Wazee hao walikuwa mafundi. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, walikwenda vilimani kuokota jiwe la kijani, wakachoma makaa ya mti mgumu, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na kuvuvia kwa mivukuto ya ngozi. Shaba iliyoyeyuka waliimimina katika umbo la msalaba wenye mikono minne, ambao urefu wake mara nyingi ni sentimeta 20 hivi. Si msalaba wa dini. Ulikuwa fedha ya biashara na mali ya mahari. Misalaba ya namna hiyo imechimbuliwa katika makaburi ya kale karibu na ziwa Kisale, imewekwa juu ya kifua cha marehemu au karibu na mikono yake. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa katika bendera yake. Twawaambia wanafunzi: shaba haikugunduliwa na kampuni. Kampuni ilionyeshwa.

CHINI YA SAKAFU

Shaba ina ndugu yake, nayo ni kobalti. Jina hilo lina asili ya kuchekesha. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani walipata mawe yaliyofanana na yenye fedha, lakini walipoyachoma hawakupata fedha, bali moshi wenye sumu. Wakasema kwamba pepo mbaya wa migodini, aitwaye kobold, amewadanganya. Katika miaka ya 1730 mtaalamu wa Sweden, Georg Brandt, alionyesha kwamba ndani ya mawe hayo muna madini ya peke yake, lakini jina la pepo likabaki.

Leo madini hayo hutiwa katika betri za simu na za magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya ulimwengu hutoka Kongo, hasa katika vilima hivi vya Kolwezi na majirani zake. Mashimo makubwa huchimbwa na makampuni, mengi yao ya China, ndiyo maana katika mji huu mtu huona vibao vyenye maandishi ya Kichina, na hukutana na Wachina wajuao kupatana bei kwa Kiswahili cha "bintu." Mashimo madogo huchimbwa na watu wenyewe kwa sururu. Wanafunzi wetu wa miaka kumi na miwili hutofautisha jiwe jeusi la kobalti na jiwe jeusi lisilo na kitu upesi kuliko wanavyotofautisha vitenzi vya Kiingereza.

Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, kobalti ilipatikana chini ya kiwanja cha nyumba. Habari ikaenea. Watu wakaanza kuchimba uani, kisha sebuleni, kisha chini ya kitanda. Matundu yakafunikwa kwa maturubai, na chini ya ardhi njia za mtu huyu zikakutana na njia za jirani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na familia zilizokuwa humo zikahamishwa. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven waliwapima wakaaji wa Kasulo, nao mwaka 2018 wakatangaza kwamba kobalti ilikuwa nyingi katika mikojo yao, na ya watoto kupita ya wakubwa. Na tarehe 27 Juni 2019, katika shimo kubwa la mgodi karibu na Kolwezi, kifusi kiliwaangukia wachimbaji wadogo. Zaidi ya watu 40 walikufa.

Haya yote mwalimu huyasoma katika daftari la mahudhurio. Bei ya madini ikipanda katika soko la Musompo, madawati ya nyuma hubaki wazi. Ikishuka, watoto hurudi, lakini madaftari hayanunuliwi. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazitozi ada, nalo ni jambo jema. Hata hivyo tumbo la mtoto halisomi sheria. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilizuia kobalti isiuzwe nje kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka mno, na Oktoba mwaka huo huo ikaruhusu tena kwa kipimo. Huko mbali watu waliandika habari hizo katika kurasa za biashara. Huku zilionekana katika viatu vya watoto.

Jirani yetu mmoja ni mjane mwenye watoto watano. Auza makala kwa mafungu mlangoni pake. Vijana walipokuwa wakichimba shimo la choo chake kipya, jiwe jeusi lilionekana. Kabla ya jua kuchwa watu watatu walifika, wenye heshima zote, wakimwita "mama," wakitaka kukodi chumba cha nyuma ili washuke kwa hapo. Fedha waliyotaja ilipita mapato yake ya mwaka. Aliomba siku mbili afikiri. Katika siku hizo aliwauliza majirani, na kila mmoja alikuwa na mfano wake: yuko aliyenunua pikipiki na bati mpya, na yuko ambaye ukuta wake umepasuka toka juu hadi chini, naye hulala kwa dada yake.

Siku ya tatu walirudi. Aliwakaribisha viti, akawapa maji, akakataa. Walipouliza sababu, alijibu kwa Kiswahili cha hapa: "Nikiuzisha chini, bana batalala juu ya nini?"

Hatusemi kwamba maneno hayo yamemaliza shida yake. Binti yake mkubwa alikaa nje ya shule muhula mzima, akisaidia kuuza makala, na sisi tuliokaa naye ukuta kwa ukuta tulijua bei aliyolipa kwa lile jibu. Wako wazazi wema waliojibu vingine, nao tumekula kwao bukari na sombe, wala hatuna neno la kuwahukumu. Tulilojifunza ni kwamba betri ndogo itokayo mbali ina mwanzo wake katika maulizo ya namna hii, yaulizwayo jioni, mlangoni pa nyumba ya vyumba vitatu.

Basi atakayekuja Kolwezi, awe dereva, fundi au mwalimu, na achukue blanketi moja, noti zisizochanika, na masikio ya kusikiliza Kiswahili cha wenyewe. Akiitwa "papa," aitike. Akipewa kikanda, ale. Na akikuta mtoto njiani, saa ya masomo, amebeba gunia zito kuliko umri wake, asipite tu. Na amwulize jina lake, jina la mwalimu wake, na njia ya kufika kwao.